Maharage yaleyale, Kyela hayasumbui, Mbeya mjini tumbo linajaa gesi: tatizo ni nini?

#1 Nzovwe Kwetu
Wakuu, ugonile. Naweka hoja mezani, mwenye sababu ya kuipinga aje nayo. Gunia moja la maharage ya njano linagawiwa nyumba mbili za ukoo mmoja, moja iko Kyela, nyingine Mbeya mjini. Kote yanalowekwa usiku, yanachemshwa kwa mkaa, yanaungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti. Wa Kyela wanakula wanalala salama. Wa Mbeya tumbo linakuwa ngoma, hasa mama mwenye nyumba, ambaye hata maziwa hayamkubali vizuri. Mimi nasema mchawi ni mwinuko: huku juu maji yanatokota kabla ya kupata moto wa kutosha, kwa hiyo watu wanakula maharage ambayo hayajaiva sawasawa. Kuacha maharage hatutaki. Tunataka kujua hatua ipi irekebishwe.

#2 Fizikia ya Jikoni
Kamwene mkuu. Nusu ya hoja nakupa, nusu nakunyima.

Ni kweli kiwango cha kuchemka kinashuka takriban nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 300 unazopanda. Kyela iko chini karibu na ziwa, kama mita 500 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 98. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, unapata 94. Panda mpaka Kitulo, mita 2,600, unapata 91. Na ukichochea mkaa zaidi, maji yanakauka upesi tu, joto la ndani ya sufuria halipandi. Haragwe lililoiva Kyela kwa saa moja na robo, Mbeya linaweza kudai karibu saa mbili. Hapo tuko pamoja.

Gesi ni habari nyingine. Inatokana hasa na sukari ndefu zilizomo ndani ya haragwe, rafinosi na stakiosi. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata, kwa hiyo zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wa huko wanazila na kutoa gesi. Moto wa jikoni hauzivunji kwa kiasi cha maana, uwe wa nyuzi 94 au 98. Ila zinayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo swali la kwanza: maji ya kuloweka yanamwagwa?

#3 Nzovwe Kwetu
Yanamwagwa kote. Mjini yanalowekwa saa 4 usiku, saa 12 asubuhi yako jikoni.

#4 Mama Mbalizi
Basi mwinuko mmeushika, baridi mmeisahau. Saa 8 za Kyela na saa 8 za Mbeya mwezi wa Juni si saa sawa. Maji ya baridi yanaingia kwenye haragwe polepole na sukari zinatoka polepole. Kyela usiku ni joto, haragwe limekwisha shiba kabla jogoo hajawika. Huku yale ya usiku wa kipupwe ukiyashika asubuhi mengine bado yana makunyanzi.

Usihesabu saa, pima haragwe lenyewe. Chukua moja, menya ganda, ligawe vipande viwili kwa kidole. Tazama nyuso za ndani. Likishiba, nyuso ziko bapa na rangi ni moja hadi katikati. Likiwa bado, nyuso zimebonyea ndani na katikati pana doa kavu, rangi yake imepauka kuliko pembeni. Ukiona doa hilo, rudisha kwenye maji.

Kwa baridi ya huku tumia maji ya moto. Kikombe 1 cha maharage, vikombe 4 vya maji. Chemsha, yakishatokota yaache dakika 3, epua, funika, yakae saa 1 hadi 4. Mwaga maji yote, suuza mara mbili, weka maji mapya ya kupikia. Maji ya moto yanatoa sukari hizo haraka kuliko ya baridi.

#5 Soko Matola
Wote mmeruka mlango wa kwanza, yaani mfuko wenyewe. Haragwe likikaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu linakuwa gumu kwa ndani. Gundi inayoshikanisha chembe zake inafungwa na madini ya kalsiamu, hata upike siku nzima ganda linachanika lakini kiini kinabaki na chenga. Mbeya mjini stoo ni chumba chini ya bati, mchana joto, usiku umande.

Tena sokoni wanachanganya. Ya msimu uliopita na ya mavuno mapya ndani ya sado moja. Sufuria moja, nusu yameiva nusu bado, mpishi anaona yaliyopasuka anaepua. Ya mwaka huu ganda linang'aa. Maharage ya njano yaliyokaa yanageuka kahawia hafifu. Haragwe la aina ya kablanketi likizeeka zambarau yake inafifia na kuwa ya kutu.

#6 Fizikia ya Jikoni
#5 umesema jambo kubwa. Ila mleta mada kasema gunia ni moja.

#7 Soko Matola
Gunia moja, stoo mbili. Muulize la mjini limekaa wapi.

#8 Dada wa Ipogolo
Tatizo siyo maharage. Ni kitunguu.

#9 Nzovwe Kwetu
Dada, fafanua. Kitunguu kinaingia sufuria zote mbili.

#10 Dada wa Ipogolo
Kwa kiasi gani? Watu wa mjini wanaunga kwa vitunguu vitatu na punje tano za saumu kwa nusu kilo ya maharage, halafu lawama zote wanabebeshwa maharage.

Kitunguu maji na kitunguu saumu vina fruktani, nazo kazi yake tumboni ni ileile ya zile sukari za #2: hazimeng'enywi, zinaliwa na bakteria. Mama ambaye maziwa yanamsumbua na maharage yanamsumbua, mara nyingi na kitunguu hakimpendi. Habari njema ni kwamba fruktani zinayeyuka kwenye maji, hazitoki kuingia kwenye mafuta. Ukiijua siri hiyo ladha unaipata bila gharama yake.

Fanya hivi. Kitunguu kimoja kata vipande vinne vikubwa, usikikatekate. Mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula, moto mdogo, kaanga dakika 5 hadi 7 mpaka kingo ziwe kahawia. Ukitaka saumu, punje mbili nzima, ziingie dakika mbili za mwisho. Kisha OPOA VYOTE. Hapo ndipo iingie nyanya. Ukitia nyanya kitunguu kikiwa bado ndani, maji ya nyanya yanazinyonya fruktani na umefanya kazi bure. Anayetaka kuona rangi ya kitunguu kwenye sahani amalizie na kitunguu majani, sehemu ya kijani tu, ile nyeupe ya chini aache.

Onyo: mafuta yenye saumu yatumike siku hiyohiyo. Usiyaweke kwenye chupa juu ya kabati ukasema ni akiba, kuna bakteria wa sumu kali anayeota mahali pasipo na hewa kama hapo.

#11 Kiazi Mviringo
Maharage bila kitunguu? Huko Iringa mnakula adhabu.

#12 Dada wa Ipogolo
Soma tena kaka. Kitunguu kimeingia, kimeacha harufu yake kwenye mafuta, kimetoka.

#13 Mzee wa Magadi
Vijana mnazunguka. Wazee walitia magadi, maharage yakaiva mapema na tumbo likatulia. Nusu saa nzima ya mkaa unaokoa.

#14 Fizikia ya Jikoni
Shikamoo mzee. Kuiva mapema ni kweli kabisa. Magadi yanalegeza ile gundi aliyoitaja #5, hivyo hata maharage ya zamani yanalainika. Kwa huku juu ni msaada. Lakini kipimo, mzee wangu. Kwa kilo 1 isizidi nusu kijiko cha chai. Ikizidi, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni na haragwe linavurugika nje kabla ya ndani. Magadi yanaharibu pia vitamini B1. Na ni sodiamu tupu, mwenye presha ya kupanda anayajumlisha na chumvi.

#15 Mama Mbalizi
Niongeze, magadi ya mawe yanatofautiana, baadhi yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Mimi nashauri chumvi kwenye maji ya kuloweka. Vijiko 2 vya chai kwa lita 1, asubuhi suuza vizuri. Ganda linalainika bila magadi. Wanaosema chumvi inafanya maharage yasiive wameichanganya na nyanya. Anayegomesha ni nyanya na limao, ile asidi yake. Ukitia nyanya haragwe likiwa bado na chenga, hapohapo limesimama. Nyanya ingoje mpaka haragwe lipondeke kati ya ulimi na kaakaa bila kutumia meno.

#16 Mzee wa Magadi
Marahaba. Kijiko nusu nimekubali. Chumvi ya kulowekea bado naitazama.

#17 Nesi Mstaafu Tukuyu
Nimesoma kuanzia juu. Kabla hamjaendelea na gesi, tutenganishe mambo mawili, kwa sababu hapo #1 neno "hayajaiva" limetajwa kwa wepesi.

Gesi ni kero. Haragwe lisiloiva ni sumu. Maharage, na hasa mekundu makubwa, yana lektini, protini yenye sumu. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu, kisha kuharisha. Dalili yake siyo tumbo kujaa hewa, ni matapishi ya nguvu. Lektini huvunjwa na mchemko halisi: kwa nyuzi 100 dakika 10, na kwa nyuzi 94 za Mbeya mimi ningesema nusu saa ya kutokota kwa nguvu, kwa maharage yaliyolowekwa na maji yaliyobadilishwa. Joto la vuguvugu la nyuzi 80 haliisaidii kitu, linaweza hata kuiongeza makali.

Kwa hiyo wenye makapu ya kupikia, yale ya kufunika sufuria kwa blanketi na mito ili kuokoa mkaa: ni kitu kizuri sana, lakini nusu saa ya mchemko iwe jikoni kwanza. Usichemshe dakika tano ukaingiza kwenye kapu.

#18 Kitulo Baridi
Asante nesi. Huku kwetu nusu saa nayo naona ndogo.

#19 Nesi Mstaafu Tukuyu
Kwa usalama wa lektini inatosha. Kwa kulainika, huko juu ongeza kadiri haragwe linavyodai.

#20 Mwanafunzi wa Afya
Kuna watu damu yao ina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hao wasile maharage kabisa. Huenda mama huyo ndiyo shida yake.

#21 Nesi Mstaafu Tukuyu
Hapana mwanangu, hapo umepotosha, rekebisha kabla mtu hajachukua. Wenye upungufu wa G6PD wanakatazwa bakla, yale maharage mapana yanayoliwa sana Misri na nchi za Mediterania. Ni jamii nyingine kabisa. Maharage yetu ya kawaida hayamo. Na dalili yake ni kuvunjika kwa chembe za damu: mkojo mweusi, macho ya njano, kuishiwa nguvu. Siyo gesi.

#22 Mwanafunzi wa Afya
Nimeelewa, asante.

#23 Mwanjelwa Asubuhi
Mleta mada, swali dogo. Wa Kyela wanakula maharage na nini, na wa mjini wanakula na nini? Na saa ngapi?

#24 Nzovwe Kwetu
Kyela ni wali, mchana na jioni. Mjini jioni ugali, na yakibaki asubuhi chapati na chai ya maziwa.

#25 Mwanjelwa Asubuhi
Ndiyo hapo. Chapati maharage na chai ya maziwa ni kifungua kinywa cha Mbeya nzima, na kwa tumbo jepesi ni mizigo mitatu kwa mpigo. Ngano ina fruktani kama kitunguu. Maharage yana sukari zake. Maziwa yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, na huyo mama tumeshaambiwa maziwa hayampendi. Kila kimoja peke yake kwa kiasi kidogo pengine angevumilia. Vikikutana vitatu saa moja asubuhi, saa nne anatafuta pa kulegeza kanga.

Wali hauna fruktani wala laktosi. Wa Kyela wanabeba mzigo mmoja tu. Mwinuko hauhusiki hata kidogo.

Jaribu: maharage yaleyale, badala ya chapati weka kiazi kitamu kidogo au gimbi la kuchemsha, chai iwe ya rangi yenye tangawizi. Akitaka maziwa, mgando uliokaa siku mbili, kwa sababu bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

#26 Kiazi Mviringo
Mwanjelwa umenigusa chapati. Ila hoja imekaa.

#27 Fizikia ya Jikoni
#25 imekaa vizuri lakini haijibu jioni. Jioni ni ugali, na ugali wa mahindi hauna shida hiyo. Nzovwe, wanavimba jioni au asubuhi?

#28 Nzovwe Kwetu
Zote. Asubuhi zaidi.

#29 Bibi Kande
Asubuhi zaidi kwa sababu ni kiporo. Wanga uliopoa unabadilika, sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa, inafika chini na kuliwa na bakteria walewale. Viazi vya jana, ndizi za jana, ugali wa jana, kande la jana, wote ni hivyo. Ukipasha moto unapunguza kidogo tu. Kwa mtu mwenye afya ni chakula kizuri kwa utumbo. Kwa mwenye tumbo jepesi, apike kidogo kinachoisha.

Na mkishagusa kande niseme la kwangu, maana ndilo linalopikwa vibaya kuliko yote. Watu wanatia mahindi na maharage pamoja sufuria moja tangu mwanzo. Mahindi yaliyokobolewa yanataka muda zaidi. Mpishi anachoka, anaepua maharage yakiwa uji na mahindi yakiwa mawe, au anaepua yote yakiwa na chenga. Loweka mbalimbali. Vikombe 2 vya mahindi kwa kikombe 1 cha maharage, na kwa tumbo jepesi vikombe 3 kwa 1. Mahindi yaanze peke yake saa moja na nusu. Maharage yachemshwe pembeni nusu saa kwa nguvu, maji hayo yamwagwe, ndipo yaingie kwenye mahindi na maji mapya ya moto. Maji ya baridi yasiingie katikati, yanashusha joto la sufuria na kuchelewesha kuiva. Chumvi mwisho. Karanga zilizosagwa vijiko 3 vya chakula, zikorogwe kwanza na maji vuguvugu pembeni, ziingie dakika 10 za mwisho huku unakoroga chini, kwani karanga zinashika sufuria upesi kuliko kitu chochote.

#30 Dada wa Ipogolo
Bibi, shikamoo. Hapo kwenye karanga mpishi aulize wageni kwanza. Mzio wa karanga siyo gesi, ni koo kufunga na mwili kuvimba. Huku karanga tunatia kwenye mboga za maboga, mnafu, kisamvu, hata hazionekani. Na mwiko uliotoka kwenye karanga usiingie sufuria nyingine.

#31 Bibi Kande
Marahaba mwanangu. Ni kweli, aulize.

#32 Menya Ganda
Nashangaa hakuna aliyesema kumenya. Yakishalowekwa, sugua kwa viganja ndani ya maji, maganda yanaelea, yachote. Gesi kwisha.

#33 Fizikia ya Jikoni
Gesi haikwishi, mkuu. Rafinosi na stakiosi ziko kwenye nyama ya haragwe, siyo kwenye ganda. Ganda ni nyuzinyuzi na ule ukakasi wa rangi. Ukimenya, haragwe linaiva haraka na linakuwa laini kwa mzee au mtoto, na maji yanapita kirahisi kubeba sukari. Faida ipo, ila siyo kwa sababu uliyoitaja.

#34 Menya Ganda
Sababu yoyote, wanaokula yaliyomenywa hawalalamiki. Ganda lisilotafunwa linashuka zima, na lenyewe linasumbua.

#35 Mama Mbalizi
Wote mna hoja. Kumenya kilo moja ni kazi ya saa nzima, wengi hawataiweza kila siku. Anayetaka njia nyepesi aoteshe. Loweka, mwaga, funika kwa kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni, kikichomoza kimkia cheupe pika. Mbegu inapoota inakula sukari zake yenyewe, ndizo hizohizo zinazotusumbua. Kyela siku moja na nusu, huku kwetu wakati wa baridi hata siku tatu, weka karibu na jiko. Kwa choroko ni rahisi zaidi. Maharage mekundu yakiota bado ni lazima yachemshwe kama #17 alivyosema, usiyale mabichi kwenye kachumbari.

Pia msinunue maharage ya mbegu dukani kwa kula. Yale yenye rangi ya waridi au bluu ya kupakwa yana dawa, kuosha hakutoshi.

#36 Mhandisi wa Uyole
Mwinuko tuumalize kwa presha kuka, ndiyo dawa yake. Ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120 pwani. Mbeya unapata kama 117, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na vali inapima juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye kijitabu hautoshi. Ongeza asilimia 5 kwa kila mita 300 baada ya 600 za kwanza. Kwa Mbeya ni karibu moja ya tano. Kijitabu kikisema 20, wewe 24. Njombe 25. Kitulo 27.

Kosa la kawaida ni kujaza. Maharage yasizidi nusu ya sufuria pamoja na maji. Povu lake likipanda linaziba tundu la mvuke, na hapo ni hatari. Kijiko 1 cha mafuta kinatuliza povu. Kabla ya kila upishi toa kizito cha juu, tazama tundu kwenye mwanga, ukiona giza pitisha sindano. Ukizima, mvuke ushuke wenyewe, usimwagie maji ya baridi, maganda ya maharage yanapasuka na mchuzi unakuwa tope.

Maji ya kuloweka yamwagwe kama kawaida. Presha kuka inalainisha, haiondoi sukari. Hapo niko na #2.

#37 Kitulo Baridi
Mhandisi, yasiyolowekwa je? Kuna siku mgeni anafika ghafla.

#38 Mhandisi wa Uyole
Dakika 45 hadi 50 kwa huku, kisha mwaga maji hayo yote na uunge kwa maji mapya ya moto. Ladha inapungua. Kwa tumbo jepesi bora mgeni ale viazi.

#39 Kiazi Mviringo
Hatimaye mmefika kwangu.

#40 Soko Matola
Ugomvi wa kumwaga maji bado haujaisha wakuu. Unamwaga ya kuloweka, unamwaga ya mchemko wa kwanza, kuna vitamini B na madini yanakwenda nayo. Kwa nyumba ambayo haina mgonjwa, kumwaga mara moja kunatosha. Msifanye kila mtu apike kama mgonjwa.

#41 Nesi Mstaafu Tukuyu
Sawa kabisa. Na mwenye tumbo jepesi asianze na bakuli. Vijiko 2 vya chakula vilivyochujwa bila mchuzi, kwa sababu sukari nyingi zimo kwenye mchuzi. Wiki inayofuata 3 au 4. Wanaokula maharage kila siku kidogokidogo, wengi wao kero inapungua baada ya wiki chache. Anayeyaacha mwezi mzima kisha akala sahani mbili msibani, lazima aumie. Pengine tofauti ya Kyela na mjini ni hiyo tu: nani anayala kila siku.

Lakini akiona anapungua uzito, damu chooni, tumbo linamwamsha usiku, au anaharisha mfululizo, aache mapishi aende hospitali.

#42 Nzovwe Kwetu
Kyela wanayala karibu kila siku, ni kweli. Mjini mara mbili kwa wiki. Ndaga fijo nesi, na wote mliochangia. Lakini mwinuko bado siuachii, nimeona chenga kwa macho.

#43 Mwanjelwa Asubuhi
Chenga ni mwinuko, gesi ni chapati.

#44 Dada wa Ipogolo
Gesi ni kitunguu.

#45 Soko Matola
Angalieni stoo.

#46 Rungwe Kijani
Na parachichi? Huku ugali na maharage hauliwi bila nusu parachichi pembeni. Lina sukari ya aina yake ambayo baadhi ya matumbo hayaipendi, na mafuta yake mengi yanachelewesha tumbo kumwaga chakula. Mwenye tumbo jepesi aanze na kipande kimoja chembamba, si nusu.

#47 Mwanjelwa Asubuhi
Rungwe na Njombe wakikusikia...

#48 Rungwe Kijani
Nami ni wa hukohuko, parachichi nalila. Nasema kipimo.

#49 Mama wa Wawili
Samahani nimechelewa. Njegere mbichi za kijani, zile za kumenya sokoni, nazo zilowekwe? Nina mtu wa tumbo jepesi nyumbani.

#50 Mama Mbalizi
Mbichi hazilowekwi. Chemsha maji yatokote kwanza, tia chumvi, njegere ziingie, sufuria wazi ili zibaki kijani, dakika 10 hadi 15 kwa huku. Mwaga maji, unga kwa karoti, hoho na yale mafuta ya kitunguu ya #10. Aanze na vijiko viwili. Njegere kavu ni mapishi mengine, hizo loweka kama maharage.

#51 Mama wa Wawili
Na nazi?

#52 Mama Mbalizi
Tui jepesi nusu kikombe, mwisho kabisa, lisichemke sana.